Maziwa Yenye Uhai Usio wa Kawaida

Nchi ya Shibe haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtafute jirani yake ndani yake. Ni nchi njema. Watu wake wameshiba kwa mujibu wa sheria. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge mwaka ambao mvua haikunyesha, na tangu hapo mtu akionekana barabarani ameshika tumbo kwa njaa hupelekwa kituoni, akaelezwa kwa upole kwamba amekosea, kisha akaachiwa aende zake na shibe yake.

Kiongozi wa nchi hiyo huitwa Mshibishaji Mkuu, na kaulimbiu yake ni "Mbele Daima". Wasaidizi wake waliipenda kaulimbiu hiyo kiasi cha kung'oa gia ya kurudi nyuma katika magari yote ya serikali. Dereva wa waziri akipitiliza nyumba kwa hatua chache, hana budi kuuzunguka mji mzima ndipo aifikie tena. Wananchi hupunga mikono kila anapopita.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Sudi Kitwana, msomaji wa taarifa ya habari wa Redio Shibe. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu anayekufunika shuka. Alisoma bei za mahindi, akasoma ushindi wa uchaguzi kabla ya uchaguzi, akasoma tanzia, na kila alichokisoma watu walikiamini, kwa kuwa waliona sauti kama ile haiwezi kudanganya. Sudi mwenyewe hakudanganya. Alikuwa akisoma tu.

Nyumbani kwake, mkewe Bi Rehani alikuwa na desturi moja. Saa ya habari ikifika, hupunguza moto, hufunika sufuria ili zisitoe mlio, na kukaa kwenye mkeka karibu na redio kana kwamba mumewe yumo ndani yake na anaweza kutoka akiwa na njaa. Siku hizo hakukaa peke yake. Binti yao wa pekee, Zaituni, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada, maana mumewe Hamza alikuwa kusini ya mbali akisimamisha nguzo za umeme. Ujauzito ulimfanya Zaituni achague sana chakula. Samaki alimnukia vibaya, ugali ulimkwama. Alichokitaka ni maziwa mgando ya baridi, asubuhi na jioni, na maziwa yaliyopatikana mjini yalikuwa ya aina moja tu: Tulizo, yanayotengenezwa na kiwanda cha serikali, kwenye pakiti yenye picha ya ng'ombe anayetabasamu.

"Mjukuu wangu atazaliwa ana pembe," Sudi alikuwa akimtania.

"Afadhali pembe, Baba, kuliko sauti yako," Zaituni humjibu. "Atawaamsha majirani."

Wakacheka, wakala, wakalala. Ilikuwa nyumba ya furaha, na haikuhitaji sheria yoyote.

*

Asubuhi moja Sudi aliitwa kwenye ukumbi wa Wizara ya Shibe na Utulivu wa Matumbo. Kulikuwa na tangazo la kutungwa, na kwa utaratibu wa nchi hiyo msomaji hukaa kikaoni tangu mwanzo, aone kila neno linavyozaliwa, asije akalitamka kama mtoto wa kambo. Mlangoni palikuwa na kapu. Kila aliyeingia alitia simu yake humo, ili habari isivuje kabla haijawa habari.

Mbele ya meza alisimama Bi Nuru, mtaalamu wa maabara, akiwa bado amevaa koti lake jeupe.

"Waheshimiwa," alisema, "maziwa ya Tulizo yaliyotoka kiwandani wiki hii yana bakteria. Bomba limepasuka, maji machafu yameingia kwenye matangi. Mtu mzima mwenye afya ataharisha na huenda akapona. Lakini wazee, watoto wachanga na wajawazito wako hatarini. Mjamzito anaweza kupata homa ndogo tu, na mtoto akafia tumboni. Naomba maziwa yote yarudishwe, leo hii."

Waheshimiwa walitazamana, mmoja akashusha kikombe chake taratibu. Haikuwa kwa sababu ya watoto. Lilikuwa lile neno.

"Umesema ya-nini?" aliuliza Waziri wa Shibe, Dakta Kibwagizo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyororo, aliyeupata udaktari wake kwa kuuomba.

"Yarudishwe, Mheshimiwa."

"Binti yangu, nchi hii hairudi nyuma, wala kitu chake hakirudi nyuma. Maziwa yakishatoka kwenda kwa wananchi, yameendelea. Leo useme yarudi, kesho watu watauliza na nini kingine kirudi."

"Mimi nasema yana bakteria tu."

"Hao bakteria," aliuliza mjumbe wa Uhamiaji huku akisogeza miwani, "wameingia nchini kwa kibali gani?"

"Hawahitaji kibali. Wanazaliana humo humo."

"Kumbe ni wazawa!" mjumbe wa Sheria alishtuka. "Basi hatuwezi kuwataja redioni kwa ubaya. Mzawa ambaye hajashtakiwa ana heshima yake."

Sudi alikuwa amekaa pembeni, mikono kwenye magoti. Tangu aliposikia neno "mjamzito" hakusikia vizuri mengine. Alimwona Zaituni kama alivyomwacha asubuhi ile, amekaa kizingitini amenyoosha miguu iliyovimba, akimwomba mama yake atume mtu dukani. Akainua mkono.

"Samahani, Waheshimiwa. Naomba ruhusa nipige simu nyumbani, mara moja tu."

"Kwani nyumbani kwako hakuna redio?" aliuliza Waziri.

"Ipo, Mheshimiwa."

"Basi watasikia. Tena watasikia kwa sauti yako mwenyewe. Wangapi wana bahati hiyo?"

Wote walicheka. Sudi naye alicheka kidogo, kwa mazoea.

Kazi ya kutunga ikaanza. Bi Nuru alisema waandike "msinywe". Akaambiwa kwamba Serikali ya Shibe haiwakatazi watu wake chakula, kwa hiyo maneno yote yanayoanza na "msi" yaliondolewa. Alisema waandike "sumu". Mshairi wa Wizara akainua kichwa na kusema neno hilo ni fupi mno, halina mvuto. "Hatari" ilikwenda kwa Jeshi, kwa kuwa hatari zote ni mali ya Jeshi. Ilipofika adhuhuri Bi Nuru alikuwa amekaa chini, kalamu imemdondoka, na Mshairi ndiye aliyekuwa akitembea huku na huko. Alipomaliza walimpigia makofi. Tangazo lilisema hivi:

"Wizara inawafahamisha wananchi kwamba maziwa ya Tulizo ya wiki hii yana uhai usio wa kawaida. Walionayo majumbani wanaombwa wayape safari ya heshima kuelekea yalikoanzia. Akina mama wajawazito wayatazame kwa jicho la pekee. Mbele Daima."

"Mtu yeyote mwenye akili ataelewa," alisema Waziri.

Sudi alilisoma moja kwa moja, kisha akalisoma tena. Alijiambia kwamba Rehani ana akili, na Zaituni amesoma. Wataelewa. Alijiambia hivyo kwenye ngazi, alijiambia kwenye gari, na alikuwa bado anajiambia walipomfungia mlango wa studio. Kapu la simu lilibaki wizarani, kwa sababu tangazo lingerudiwa kila saa mpaka magharibi, na habari haijawa habari mpaka imalizike kusomwa.

*

Kitu pekee alichokuwa nacho ni sauti. Basi akaitumia. Alilisoma lile tangazo kwa sauti ya tanzia, polepole, akiacha nafasi baada ya kila sentensi, kama anavyosoma jina la marehemu na mahali pa maziko. Alipofika kwenye "wajawazito" sauti ilimtetemeka, na hakuizuia.

Mkurugenzi wa Redio aliingia studio akiwa amekunja uso.

"Bwana Sudi, umesoma kama kuna mtu amekufa."

"Bado, Mkurugenzi."

"Sasa?"

"Nasema bado hajafa mtu."

Mkurugenzi alitoka, na saa iliyofuata chini ya sauti ya Sudi palipigwa bendi ya tarumbeta. Hata angelia machozi, kwa tarumbeta zile ingesikika kama anashangilia. Alisoma mpaka jua likazama, kila saa bendi ikiongezwa kidogo, na mwisho hata yeye mwenyewe akasikia jinsi tangazo lilivyokuwa tamu.

Alitembea kwenda nyumbani, kisha akakimbia, mzee wa miaka yake, kanzu ameishika mkononi. Kwenye duka la mtaani palikuwa na foleni. Hakusimama kuuliza ni foleni ya nini.

Bi Rehani alimpokea mlangoni akitabasamu kwa uchovu na fahari. Nyuma yake, kwenye beseni la maji ya baridi, pakiti za Tulizo zilikuwa zimepangwa zimejaa, ng'ombe wote wanatabasamu kuelekea dari.

"Nimezipigania, mume wangu!" alisema. "Watu walivunja mlango wa duka baada ya kukusikia. Nikawaambia nina binti mjamzito, na wajawazito wametajwa kwa jina, nipisheni. Wakanipisha. Maziwa yenye uhai, Sudi! Na wewe unajua tangu asubuhi hukutuambia."

"Zaituni amekunywa?"

"Amekunywa asubuhi, amekunywa mchana, na sasa hivi amemaliza bakuli. Anasema wewe ndiye umeyatuma."

Sudi alilibeba beseni zima, akatoka nalo uani. Alichana pakiti moja baada ya nyingine na kumimina maziwa kwenye shimo la choo, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko, na Bi Rehani akimfuata nyuma akimwuliza kama amerogwa. Zaituni alitoka chumbani akiwa amejishika kiuno, akasimama kuwatazama.

"Baba, kuna nini?"

"Mabovu," alisema Sudi. "Haya ni mabovu, mwanangu. Unaumwa popote?"

"Siumwi. Mbona niko salama?" Akacheka. "Tazama anavyocheza."

Akamshika baba yake mkono ule wenye maziwa, akataka kuuweka tumboni. Sudi aliurudisha haraka, akaenda kuuosha kwa sabuni, akausugua na kuusugua. Aliporudi, mtoto alikuwa ametulia.

*

Siku zilipita, naye akaanza kuamini kwamba Mungu hasikilizi redio. Bungeni, wakati huo, Dakta Kibwagizo alipeleka hoja ya kwamba hakuna bakteria katika Jamhuri ya Shibe. Hoja ilijadiliwa kwa kina. Mbunge mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwona bakteria kwa macho yake, na katika ukumbi mzima haukuinuka hata mkono mmoja. Wote waliunga mkono. Sudi aliisoma habari hiyo saa mbili usiku.

Halafu Zaituni akapata homa. Haikuwa kali. Mgongo ulimuuma, shingo ikakaza, akasema labda amelala vibaya. Bi Rehani alimkanda kwa maji ya moto. Asubuhi ya pili alisema, kwa sauti ndogo kana kwamba anaona aibu, kwamba mtoto hachezi kama alivyozoea.

Hospitali walimkuta daktari kijana, mwenye uso wa mtu anayeandika barua ya kuacha kazi kila siku na kuichana kila jioni. Alimpima Zaituni, akauliza amekula nini, na Sudi alipotaja maziwa, daktari aliinuka akafunga mlango.

"Mzee, kinachomuumiza mwanao ni kitu kilichopigiwa kura wiki iliyopita," alisema. "Kikashindwa."

"Dawa yake ipo?"

"Ipo dawa ya sindano, ya siku zote. Lakini baada ya kura walikuja na gari, wakabeba makasha yote. Wakasema haina tena cha kuua." Alijifuta uso. "Nimemtuma mtu kwenye hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Kule hawasikilizi sana redio. Tuombe awahi."

Aliyetumwa alirudi na dawa jioni. Zaituni alichomwa sindano, na homa yake ikaanza kushuka, na daktari akasema mama atapona. Kuhusu mtoto hakusema chochote. Aliweka kifaa chake tumboni, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akasikiliza tena mahali alipokwisha kusikiliza. Bi Rehani alianza kulia kabla daktari hajakiondoa masikioni.

Alikuwa mtoto wa kike. Alikuwa na nywele nyingi, na vidole virefu kama vya babake. Bi Rehani alimfunga katika kanga aliyokuwa amemwekea kwa siku ya arobaini, na Sudi akambeba mwenyewe hadi makaburini, mzigo mwepesi mno kwa mikono miwili. Hamza alifika kutoka kusini siku iliyofuata, vumbi la safari bado limo nyusini, na walimwonyesha tuta dogo la udongo, naye akachuchumaa hapo asijue alishike wapi.

Kwenye ofisi ya vizazi na vifo walimwambia Sudi kwamba mtoto hawezi kuandikwa kuwa amefariki kwa maziwa. Karani alitafakari kwa huruma ya kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, kisha akaandika kwamba marehemu alikuwa na haraka.

*

Kesho yake Waziri alitembelea wodi ya wazazi pamoja na wapiga picha. Alikuwa amesikia kwamba wodini kuna huzuni, na huzuni haikuwa katika mpango wa mwaka ule. Alikwenda kitanda kwa kitanda, akawapa pole akina mama, na msaidizi wake akaacha zawadi pembeni ya kila mto. Ilikuwa pakiti ya Tulizo iliyofungwa utepe.

Alipofika kwa Zaituni alimtambua Sudi aliyekuwa ameketi kando.

"Aa, sauti ya taifa! Kumbe huyu ni wako? Pole sana. Hata hivyo bado kijana, atasonga mbele."

Sudi alisimama. Waziri alimpigapiga begani, taa za kamera zikawaka, msafara ukaondoka. Kutoka kulichukua muda, maana wodi ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na msafara, kwa heshima ya kaulimbiu, haukutaka kugeukia ulikotoka. Waliishia kupitia dirishani, mmoja mmoja, Waziri akisukumwa kwa nyuma.

Hakuna mgonjwa aliyecheka.

Zaituni aliitazama ile pakiti. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

"Siku ile nilikusikia, Baba," alisema. "Mama mwanzoni alisema labda tusubiri urudi tukuulize, maneno hayaeleweki vizuri. Mimi ndiye nilisema, kama Baba amesoma, basi ni mazuri. Angekuwa mwingine nisingekunywa."

Sudi aliketi. Angeweza kunyamaza. Binti yake hakuwa amemuuliza kitu.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwepo wakilitunga. Nilijua maana yake kabla sijasoma."

"Ulijua?"

"Walichukua simu. Nilidhani mtaelewa. Nikasoma kwa huzuni, nikadhani mtaelewa."

Zaituni alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemtafuta mwingine katika kundi la watu na hamwoni. Kisha akaugeukia ukuta. Alipotoka hospitali alikwenda kukaa kwa wakwe zake, na Bi Rehani akaenda pamoja naye kumuuguza. Redio ilibaki na Sudi.

*

Basi siku moja, katika habari za saa saba mchana, baada ya kusoma kwamba Mshibishaji Mkuu ameamka salama, Sudi aliziweka karatasi chini. Hakuwa ameandika chochote. Aliyajua maneno ya Bi Nuru, na ya daktari.

"Ndugu zangu," alisema, "maziwa ya Tulizo yana vijidudu vinavyoua. Msinywe. Msiwape watoto, msimpe paka, msimpe jirani. Yafungeni kwenye mfuko, myatupe mahali mnyama hafiki. Chombo kilichokaa maziwa hayo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na mikono pia. Maziwa mabichi mchemshe mpaka yatokote. Nyama iive mpaka ndani, na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari kabla hakijaoshwa. Wewe mjamzito, ukipata homa, hata ndogo, hata ukiona aibu kusumbua watu, nenda hospitali leo, useme ulikunywa nini. Usingoje kesho. Mimi nilikusomeeni tangazo nikijua maana yake. Mjukuu wangu amekufa."

Aliyekuwa kwenye mitambo, upande wa pili wa kioo, alikuwa na mkono juu ya swichi tangu neno la pili. Hakuizima. Alimtazama Sudi mpaka mwisho, ndipo akaweka wimbo wa taifa.

Sudi alijiandaa kukamatwa. Alikuwa amevaa fulana mbili kwa ajili ya baridi ya mahabusu. Lakini Serikali ya Shibe ni ya watu werevu. Jioni ile ile msomaji mwingine alitangaza kwamba wananchi walikuwa wamesikiliza sehemu ya kwanza ya mchezo mpya wa vichekesho, uitwao *Mzee wa Maziwa*, na kwamba Wizara inampongeza Bwana Sudi Kitwana kwa kipaji kilichofichika muda mrefu. Alistaafishwa kwa heshima. Mtaani watu wazima walimshika mkono wakicheka hadi machozi. "Msimpe paka!" walimwambia. "Mzee, paka umemtoa wapi?" Alipowaambia kwamba ni kweli, walicheka zaidi, kwa jinsi asivyobadilisha uso.

Na maziwa yaliuzwa, na bomba lilibaki limepasuka.

Alipoona hivyo, akaanza kwenda kliniki ya wajawazito asubuhi. Hakuwa na kipaza sauti wala kibali. Alikaa kwenye benchi pamoja na wanawake wanaosubiri kupimwa, akawaambia polepole, mmoja mmoja, kuhusu homa, na sabuni, na kuchemsha. Wengine walimsikiliza kwa adabu. Wengine walitabasamu, wakingoja sehemu ya kuchekesha.

Siku moja alikaa karibu na mwanamke mwembamba, mwenye mimba kubwa na begi la kitambaa mapajani. Hakufika mbali. Mwanamke alikuwa amekwisha kuinua kichwa.

"Sauti hii naijua," alisema. "Si wewe uliyetusomea kwamba wajawazito tuyatazame kwa jicho la pekee?"

"Ndiye mimi."

"Na si wewe uliyesema baadaye yanaua?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sasa mimi nikuamini yupi kati yenu?"

Mwanamke alichukua begi lake, akainuka kwa tabu, akaenda kukaa benchi la mbali. Wenzake wakamfuata, na mzee akabaki peke yake kwenye benchi refu, mikono kwenye magoti.

Mtu alikuja akaketi pale pembeni yake. Sudi hakugeuka kumtazama, lakini aliijua pumzi yake tangu ilipokuwa ya mtoto. Zaituni alikuwa amekonda. Alikuja kliniki kuangaliwa, kama daktari alivyomwagiza, na alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule.

Hakumsalimu baba yake. Alipumzika kidogo, kisha akainuka, akavuka chumba, akasimama mbele ya wale wanawake.

"Huyu msimwamini," alisema. "Mna haki. Mimi ni binti yake, na mimi mwenyewe bado simwamini. Lakini nilikunywa maziwa yale. Niliyapenda. Nikapata homa ndogo, mgongo ukauma, nikasema nimelala vibaya. Mwanangu nilimzaa amekwisha kufa. Alikuwa na nywele nyingi sana. Basi. Ni hayo tu."

Hakuna aliyetabasamu. Kisha yule mwanamke mwembamba alifungua begi lake taratibu, akaingiza mkono, akatoa pakiti yenye ng'ombe, iliyokunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Akainyoosha kwa Zaituni kama mtu anayekabidhi kitu alichokiokota.

"Nimekunywa nusu," alisema.

Zaituni aliipokea, akampa baba yake bila kumtazama, kisha akamshika yule mwanamke mkono. "Twende kwa daktari," alisema. "Usiogope. Twende sasa hivi." Wakaondoka pamoja kwenye ujia, polepole, kwa mwendo wa yule aliyebeba mtoto, na Sudi akawafuata nyuma akiishika ile pakiti kwa mikono yote miwili, isidondoke hata tone.